Nafasi tupu au kina: bango lako linahitaji kipi?

Mteja akiona upande wa bango hauna kitu, neno la kwanza huwa "hapo mbona pako wazi?" Kalipia mita za mraba, anataka kila mita ifanye kazi. Dizaina naye, asiyetaka kuongeza namba ya nne ya simu, anakimbilia dawa nyingine: anatia kivuli nyuma ya herufi, anaipaisha bidhaa hewani, anamwaga mwanga nyuma yake. Bango linaonekana limeshiba. Lakini mwulize aliyelipita sasa hivi lilikuwa linasema nini, atababaika.

Nafasi tupu na kina, yaani ile hali ya picha bapa kuonekana ina karibu na mbali, huzungumzwa kama mambo ya ladha: huyu anapenda kazi iliyotulia, yule anapenda iliyochangamka. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea kuchagua. Nafasi tupu humjibu mtazamaji anayejiuliza atazame wapi. Kina hujibu swali tofauti kabisa: nani yuko wapi kwa mwenzake? Yupi yuko karibu na yupi mbali, yupi mkubwa, nani anamjia nani. Ujumbe wenye kitu kimoja cha kutajwa hupenda nafasi. Ujumbe wenye uhusiano wa vitu viwili hupenda kina. Mengine yote, kuanzia bei hadi aina ya karatasi, huja baada ya hapo, ingawa nayo yanaweza kukugeuzia uamuzi.

Matangazo manne ya zamani yanaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko maelezo yoyote.

Wawili walioacha wazi

Mwanzoni mwa karne ya 20, Lucian Bernhard alikuwa kijana Berlin alipoingia shindano la bango la viberiti vya Priester. Inasimuliwa kwamba mchoro wake wa kwanza ulikuwa na meza, sigara ikifuka kwenye kisahani cha majivu, na wasichana wakicheza nyuma. Rafiki aliyeuona akadhani ni tangazo la sigara. Bernhard akaanza kufuta. Wasichana wakaondoka, meza ikafuata, mwishowe hata sigara. Zikabaki njiti mbili za kiberiti, nyekundu zenye vichwa vya njano, na jina la kampuni, juu ya rangi ya kahawia iliyokoza. Akashinda.

Tazama kwamba rangi ya nyuma haikuwa nyeupe. Wengi wakisikia nafasi tupu hufikiria karatasi nyeupe na herufi nyembamba za kijivu, mtindo ambao sasa hivi kila duka la vipodozi linautumia. Weupe ni rangi moja tu kati ya nyingi. Kinachotakiwa ni eneo lisilopigia kelele kile unachotaka kionekane.

Wa pili ni tangazo la Volkswagen la mwaka 1959, lililotengenezwa na kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach ya New York. Wakati ule matangazo ya magari Marekani yalichora gari likajaza ukurasa, tena mara nyingi likarefushwa kuliko lilivyo. Dizaina wao, Helmut Krone, akaliweka gari dogo kabisa karibu na kona ya juu kushoto, weupe ukalizunguka, na Julian Koenig akaandika maneno yanayowahimiza Wamarekani wafikirie udogo. Mwaka 1999 jarida la Advertising Age likaiweka kampeni hiyo ya kwanza katika orodha yake ya kampeni bora za karne ya 20.

Hapa nafasi imefanya zaidi ya kuelekeza macho. Ukurasa ule mtupu ndio unaolifanya gari liwe dogo. Lijaze gari ukurasa mzima uliache neno lilelile, na neno litakuwa linabishana na picha. Kwa hiyo nafasi nayo inaweza kusema habari ya ukubwa, ila inasema ukubwa wa kitu kwa ukurasa wake. Ukitaka ukubwa wa kitu kwa kitu kingine, umeshavuka mpaka.

Wawili waliochimba kina

Cassandre, mzaliwa wa Kharkiv aliyefanya kazi Ufaransa, alichora bango la meli ya Normandie mwaka 1935, mwaka meli hiyo ilipoanza safari zake za New York. Mtazamaji amewekwa chini, usawa wa maji, uso kwa uso na omo, yaani sehemu ya mbele ya meli. Omo inapanda mpaka inakaribia kujaza karatasi. Chini, karibu na maji, kuna kundi la ndege weupe wadogo kabisa.

Wafunike wale ndege kwa kidole na utaona kazi yao: meli inapungua. Inabaki umbo zuri jeusi na jeupe, lakini hujui tena kama ni jahazi au ghorofa. Ndege ndio kipimo. Bango la kina linalotaka kusema "hiki ni kikubwa" bila kuweka kitu ambacho mtazamaji anakijua ukubwa wake linajisumbua, na kosa hilo ninaliona karibu kila wiki kwenye mabango ya viwanja na nyumba za kuuza: jengo limechorwa vizuri, limesimama peke yake kwenye anga la bluu, hakuna mtu, hakuna gari, hakuna mti wa kawaida. Litaonekana kama kasha.

La nne ni bango la Josef Müller-Brockmann, la mwaka 1953, kwa ajili ya klabu ya wenye magari ya Uswisi. Ujumbe wake ni maneno matatu ya Kijerumani yanayosema "Mlinde mtoto!" Ni picha mbili: pikipiki kubwa mno, na mtoto mdogo anayekimbia. Hakuna damu, hakuna gari lililopinduka. Tofauti ya ukubwa kati ya pikipiki na mtoto imebeba kila kitu, kwa sababu macho yanakataa kuamini kwamba pikipiki ni kubwa mara kumi ya mtu. Yanaigeuza tofauti hiyo kuwa umbali, na umbali kuwa sekunde zilizobaki.

Hebu jaribu kusema hilo kwa nafasi tupu. Mtoto peke yake katikati ya karatasi anasema upweke, pengine anasema amepotea. Pikipiki peke yake inauzwa. Hatari iko katikati yao, na hicho cha katikati nafasi tupu haiwezi kukichora.

Ujumbe mmoja, mabango mawili

Tuulete mfano huo nyumbani, maana pikipiki na mtoto wa shule ni habari tunayoishi nayo. Tuseme shule iliyo kando ya barabara inataka bango la kuwaambia madereva wa bodaboda wapunguze mwendo.

Bango la kwanza: rangi ya njano mwanzo hadi mwisho. Chini upande wa kulia, kiatu kimoja cheusi cha shule, cha mtoto, kimelala ubavu. Juu yake maneno mawili: "Punguza mwendo." Basi.

La pili: tumekaa kwenye kiti cha dereva. Usukani na mikono yake vimejaza theluthi ya chini, vimekatwa na ukingo wa bango pande zote mbili. Barabara inakwenda mbele ikipungua upana, vumbi linafifisha miti ya mbali, na kule inakokaribia kukutana na anga mtoto mwenye sare anavuka.

Kiatu kinauma zaidi. Kinamwachia mtazamaji amalizie mwenyewe, na anachokimalizia ni kibaya kuliko chochote ambacho ungethubutu kuchora. Kinasomeka kutoka mbali na kwa mwendo. Gharama yake ni ndogo: picha moja ya kiatu na saa moja ya kazi. Udhaifu wake ni ule wa rafiki yake Bernhard: kuna mtu atakayedhani ni tangazo la viatu, hasa ukikipiga kiatu picha safi inayong'aa. Kichakaze, kitie vumbi, kifungue kamba.

Usukani una faida moja kubwa, nayo ni kwamba unamweka dereva mahali pake. Hatazami ajali ya mtu mwingine, anatazama mikono yake mwenyewe. Lakini unadai mengi. Picha iwe nzuri. Mtoto asiwe mdogo hadi apotee, kwa sababu mtoto akipotea, bango zima limebaki tangazo la pikipiki. Na linahitaji mtu wa kulitazama kwa sekunde kadhaa, si la kupita.

Ningechagua kiatu kwa bango la barabarani, mita mia kabla ya shule, na usukani kwa kijiwe chenyewe, pale madereva wanapokaa wakisubiri abiria na wana muda wa kutazama ukuta. Ukilazimika kuwa na moja tu, chukua kiatu. Bango linaloeleweka nusu na kila mtu linaushinda ufundi ulioeleweka wote na wachache, angalau barabarani.

Pale kina kinapokuangusha

Mwaka 1960 mtafiti W. Hudson alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini. Katika mmoja wa michoro yake kuna mwindaji mwenye mkuki, mbele yake swala, na kati yao, kwa mbali, ndovu mdogo. Watu wakaulizwa mwindaji anamlenga nani. Wengi walisema ndovu. Kwa miaka mingi jibu hilo lilitumika kudai kwamba Waafrika wasiopita shule hawaoni kina kwenye picha, dai ambalo watafiti waliofuata walilivunja kwa kuutazama mchoro wenyewe: mistari mitupu, haina kivuli, haina majani wala udongo unaopungua kwenda mbali. Juu ya karatasi, mkuki kweli umeelekea kwa ndovu.

Ninaulaumu mchoro. Ila somo lake kwa anayetengeneza mabango ya zahanati au ya kilimo ni la kweli hadi leo: usitegemee dalili moja ya kina. Kitu cha mbali kiwe kidogo, na kizibwe kidogo na cha mbele, na kikae juu zaidi kwenye picha, na rangi yake ififie. Dalili zote ziseme neno moja. Kuzibana ndiko kunakoaminika zaidi. Mkono uliomziba mtu sehemu ya bega uko mbele ya bega, hakuna mjadala. Kisha mwonyeshe mtu asiye dizaina, umwulize anaona nini. Usimwulize kama amelipenda.

Udhaifu wa pili ni vivuli vinavyopingana. Chupa ina kivuli cha kulia, mwanamke aliyeishika ana kivuli cha kushoto, herufi zina kivuli cha chini. Mtazamaji hatakuambia kosa ni nini, ila atasema picha "imebandikwa," na atakuwa sahihi, kwa sababu kila kitu kimekuja na jua lake. Amua mwanga unatoka wapi kabla ya kufungua leya (tabaka la picha kwenye kompyuta) ya pili.

Na kivuli nyuma ya maandishi? Karibu kila mara ni plasta juu ya kidonda. Herufi hazisomeki kwa sababu rangi yake inakaribiana na ya nyuma, kwa hiyo kinatiwa kivuli kuzinasua. Badilisha rangi. Kwa maandishi ya kwenye skrini kuna kipimo kinachotumika duniani kote: tofauti ya mwangaza kati ya herufi na usuli isipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Ukikifikia, kivuli kinakosa kazi.

Kama mteja hataki kusikia habari ya uwazi

Wapo, na wana haki yao. Kwenye soko lenye mabango arobaini yaliyojaa, bango tupu linaweza kusomeka kama duka lisilo na mali. Kwa wateja hao kanga inatoa njia ya tatu. Ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji wa katikati, na mara nyingi vyote viwili vimejaa maua, korosho na nukta. Hakuna mahali ungepaita patupu. Hata hivyo jina, yaani yale maneno ya kanga, linasomeka, kwa sababu limetengewa kisanduku chake chenye utulivu, chini ya mji, na hakuna ua linaloingia humo. Nafasi imewekwa pale inapohitajika tu.

Fanya hivyohivyo. Mwachie mteja mapambo yake pembeni na katikati, lakini ukate mstari mmoja usiovukwa na chochote, uandike humo lile jambo moja. Mteja atakayekataa theluthi mbili za weupe mara nyingi hukubali hili bila ubishi.

Kuna nafasi tupu nyingine ambayo mteja hataiona kabisa: ile yenye umbo. Nembo ya FedEx ya mwaka 1994, kazi ya Lindon Leader, ina mshale uliojitokeza kati ya herufi mbili za mwisho, mshale ambao haukuchorwa na mtu. Ni pengo tu. Ni njia tamu lakini ngumu, na kuilazimisha ni hatari. Ukipata pengo linalosema kitu, lichukue; usilitafute wiki nzima kwa bei ya kadi za biashara.

Litachapwa wapi, litaonekana wapi

Hapa ndipo uamuzi mzuri unapoharibika. Gazeti hunywa wino, na nukta zinapanuka. Kivuli laini ulichokiona kwenye kompyuta kinatoka kama doa la masizi. Kwa gazeti, ukitaka kina, tumia ukubwa na kuzibana, achana na vivuli vinavyofifia. Fulana zinazochapwa kwa skrini, ile ya kitambaa cha wavu kinachopitisha wino, ni hivyohivyo: kila rangi inadai skrini yake na pesa yake, na mfifio hauna budi kuvunjwa kuwa nukta. Nafasi tupu kwenye fulana ni bure, tena fulana yenyewe inakuwa rangi ya pili. Mihuri na kudarizi sizitaji sana: kina hakiingii.

Simu ina ugonjwa wake. Picha ikipita WhatsApp inakandamizwa, na ile anga iliyofifia taratibu kutoka bluu hadi nyeupe inatokea na michirizi kama ngazi. Pia tangazo la wima lililotazamwa kwenye kioo cha simu lina upana wa sentimita 6 au 7 hivi. Mtoto wa mbali kwenye bango letu la usukani hapo ni nukta. Kwa simu, kina kiwe cha tabaka mbili tu, mbele na nyuma, tena cha mbele kiwe kikubwa mpaka kikatwe na ukingo.

Kwa bango la barabarani waandishi wa vibao wana kanuni ya zamani: herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mtu aliye umbali wa mita 60 anahitaji herufi ya nusu mita. Piga hesabu hiyo mbele ya mteja, kwenye bango lake, na utashangaa maneno yanavyojipunguza yenyewe. Hesabu humshawishi mtu ambaye neno "uzuri" halikumgusa.

Kwenye programu za simu mambo yamekwenda kwa mawimbi. Mwaka 2013 Apple, kwa iOS 7, mfumo wa simu zake, iliondoa mandhari ya kuigiza ngozi na mbao, na vitufe vilivyovimba, ikaacha mandhari bapa. Mwaka uliofuata Google ikatoa Material Design, mwongozo wake wa kusanifu programu, ambamo vivuli vilirudi vikiwa na kanuni: kilicho juu zaidi kina kivuli kikubwa zaidi, na kimo hicho kinamwambia mtumiaji kipi kinaelea juu ya kipi. Mwenye kutengeneza programu ajiulize swali moja kuhusu kila kivuli: kinamsaidia mtu kujua pa kubonyeza? Kama hapana, kitoe.

Kazi za kila siku

Tanzia: nafasi. Picha moja, jina, miaka, ratiba ya mazishi kwa herufi zinazosomeka na mzee asiye na miwani. Mawingu, mishumaa inayoelea na miale ya dhahabu vinamgombania marehemu macho ya watu.

Kadi ya harusi iko huru, lakini kama itachapwa kwa karatasi nzito, kina cha kweli cha kuguswa kwa kidole, herufi zilizoinuliwa juu ya karatasi, kinashinda kivuli chochote cha kompyuta, na kinaendana na uwazi mwingi.

Mgombea wa uchaguzi: karibu wote wanachagua kina bila kujua wanachokisema. Mgombea mbele, mkubwa, amekatwa vizuri. Umati nyuma yake, mdogo, umefifishwa. Mpangilio huo unasema "mimi mbele, wao nyuma." Akitaka kusema yuko pamoja nao, mtoe pale mbele, mweke kati ya watu, mmoja wao amzibe bega. Mabango mengi ya kampeni yangebadilika maana kwa bega hilo moja.

Bidhaa mpya isiyojulikana: nafasi, ili jina likae kichwani. Bidhaa ya zamani inayotaka kuonyesha imekua, imepungua, au inaingia mkononi vizuri: kina, pamoja na mkono ndani ya picha.

Ukibaki njia panda, chapa zote mbili kwenye karatasi ya kawaida, hata nyeusi na nyeupe. Zibandike ukutani, mwite mteja, mwombe asimame mlangoni. Mwonyeshe moja kwa sekunde tatu, ifunike, umwulize imesema nini, kisha nyingine. Asipoweza kurudia ujumbe wa yoyote kati ya hizo mbili, rudini kwenye maandishi. Hapo nafasi haina kosa, na kina pia hakina.